Nyota Ikififia, Je, Ni Sayari? Majibu kwa Wasomaji

Toleo lililopita lilieleza mpito: sayari ya mbali inapita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota unapungua kidogo kwa saa kadhaa, kisha unarudi kama ulivyokuwa. Barua zilizotufikia zinauliza mambo ya ndani kuliko makala yenyewe, na tumefurahi sana. Zilizofanana tumezijibu pamoja.

SWALI: Ndugu wahariri, mnasema sayari yenyewe haionekani, kinachoonekana ni mwanga wa nyota kupungua tu. Sasa ukubwa wake mnaupata wapi? – Mwanafunzi wa S.6, Jinja

JIBU: Tunaupata kwenye kina cha kufifia. Machoni petu nyota ni nukta, lakini kwa kweli ni duara, na sayari inapopita mbele huziba sehemu ya duara hilo. Sehemu iliyozibwa ni sawa na uwiano wa nusukipenyo cha sayari kwa nusukipenyo cha nyota, uwiano huo ukizidishwa kwa wenyewe. Fanya hesabu hii na daftari lako. Sayari WASP-43 b hupunguza mwanga wa nyota yake kwa asilimia 2.5, yaani 0.025. Kipeuo cha pili cha 0.025 ni 0.158. Nyota yenyewe ina nusukipenyo cha 0.67 ya Jua, na cha Jua ni kilomita 696,000. Zidisha zote tatu utapata kilomita 74,000 hivi, yaani kubwa kidogo kuliko Mshtarii.

Mshtarii ukipita mbele ya Jua, mtazamaji wa mbali angeona mwanga umepungua kwa asilimia 1. Dunia ingepunguza sehemu 84 tu kwa kila milioni. Kiasi hicho hakipimiki kutoka ardhini, kwa sababu hewa yenyewe inautikisa mwanga kuliko hapo; ndiyo maana chombo cha Kepler kilirushwa angani mwaka 2009, na TESS kikafuata mwaka 2018.

Angalia mambo mawili. La kwanza, ukubwa wa sayari unategemea ukubwa wa nyota: ukikosea nyota, umekosea na sayari. La pili, nyota isiyofifia si kwamba haina sayari. Ili tuone mpito, njia ya sayari lazima ilale sawasawa na macho yetu. Kwa mtazamaji aliye mbali kokote, nafasi ya kuiona Dunia ikipita mbele ya Jua ni 1 kati ya 215. Kwa sayari kubwa iliyojibana karibu na nyota yake, nafasi hufika 1 kati ya 10, na hiyo ndiyo sababu sayari za namna hiyo zilitangulia kupatikana kwa wingi.

SWALI: Ndugu wahariri, shule yetu ina darubini ya inchi 8 na kamera ya anga inayounganishwa na laptopu. Je, wanafunzi wanaweza kupima mpito wakiwa hapa hapa? Tuanze na nyota ipi? – Mwalimu wa fizikia, Mbarara

JIBU: Mwalimu, wanaweza, na inchi 8, yaani sentimita 20, inatosha kabisa. Chagueni nyota kwa kufuata kiangazi, maana mvua ndiyo mwamuzi wa mwisho. Januari na Februari chukueni WASP-43, ambayo hupanda hadi karibu nyuzi 80 juu ya upeo wa macho. Mpito wake huchukua saa 1 na dakika 10 hivi, na hurudi kila baada ya saa 19 na dakika 31. Juni hadi Agosti kuna HD 189733 katika kundinyota la Vulpecula, ambayo hufifia kwa asilimia 2.4 kwa karibu saa 1 na dakika 50, na HD 209458 katika Pegasus, asilimia 1.5 kwa takriban saa 3. Hii ya mwisho ndiyo nyota ya kwanza ambayo mpito wa sayari yake ulipimwa, mwaka 1999. Mizunguko miwili ya sayari hiyo ni siku 7 na saa 1 na dakika 11. Kwa hiyo ikianza saa 2:00 usiku Jumamosi hii, Jumamosi ijayo itaanza saa 3:11.

Tatizo la WASP-43 ni uhaba wa mwanga. Ni nyota hafifu, daraja la mwangaza la 12.4 (namba ikikua, nyota ni hafifu zaidi), na darubini yenu kwa picha ya sekunde 60 itakusanya kama fotoni, yaani chembe za mwanga, 50,000. Kutokuwa na hakika kwa kipimo ni kipeuo cha pili cha idadi hiyo: fotoni 50,000 zinakupa makosa ya karibu nusu asilimia kwa kila picha. Mpito wa asilimia 2.5 utaonekana waziwazi. Msirefushe picha kupita dakika 2, kwa sababu mteremko wa kuingia wa mpito huu unachukua kama robo saa tu, na mnahitaji nukta za kutosha juu yake.

Hizo HD mbili zina tatizo lililo kinyume: mwanga umezidi. Ni za daraja la 7.7 hivi, na kamera itajaa ndani ya sekunde chache. Dawa yake ni kuitoa nyota kwenye fokasi makusudi hadi iwe duara la pikseli 15 hadi 20, kisha kupiga picha za sekunde 20 hadi 30. Pikseli yenye mwanga mwingi kuliko zote isizidi 40,000 kati ya 65,535, namba ya juu kabisa ya kamera. Msijaribu picha za sekunde 1 au 2 kwa nyota hizi. Kumeta kwa nyota kunasawazika kadiri muda unavyoongezeka, na kwa darubini yenu picha ya sekunde 30 nyota ikiwa juu sana huteremsha kosa la kumeta hadi sehemu moja hivi ya elfu. Tumieni filta nyekundu ikiwa ipo: hewa hula mwanga mwekundu kidogo kuliko wa bluu, na ukingo wa nyota haufifii sana katika rangi hiyo, hivyo sakafu ya mpito hulala vizuri zaidi.

Sasa stendi, na hapa ndipo wengi nchini kwetu Uganda hukwama, kwa sababu vitabu vya maelekezo vimeandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Mhimili wa stendi ya kufuata nyota hupaswa kuelekea ncha ya anga, na kimo cha ncha hiyo ni sawa na latitudo ya mahali. Mbarara iko nusu nyuzi na kidogo kusini mwa ikweta, maana yake mhimili unalala chini karibu kabisa. Stendi nyingi haziteremki kiasi hicho: skrubu inagota mapema, au fimbo ya uzani inagonga mguu wa tripodi. Tengenezeni kabari ya chuma ya kuinamisha kichwa cha stendi, kazi ambayo fundi yeyote wa kuchomelea wa Katwe anaiweza, na ongezeni nguzo fupi juu ya tripodi ili uzani upate nafasi ya kuzunguka. Pangeni miguu ya tripodi ili pasiwe na mguu chini ya uzani. Nyota ya kaskazini msiitafute, imelala kwenye vumbi la upeo. Anzeni na dira, kisha sahihisheni kwa programu inayotambua picha za nyota, au kwa kutazama nyota inavyoteleza kwenye picha kwa dakika 5 na kurekebisha.

Kama stendi yenu ni ile inayokwenda juu-chini na kulia-kushoto, si lazima muiache. Picha itazunguka taratibu. Kwa HD 209458 ikiwa kileleni, inazunguka kama nyuzi 46 kwa saa. Ndani ya sekunde 30 ni chini ya nusu nyuzi, na nyota iliyotolewa kwenye fokasi inavumilia. Ila kila nyota itatembea juu ya pikseli tofauti usiku kucha, kwa hiyo picha za uso mweupe hazikwepeki.

Picha hizo za uso mweupe ndizo zinazofuta vumbi na kivuli cha pembeni. Wenzetu wa kaskazini huzipiga angani magharibi inapoingia. Kwetu Jua hutua wima, na giza linawahi kufika kabla hamjamaliza kupanga kamera. Vuteni fulana nyeupe isiyo na makunyanzi juu ya mdomo wa darubini, mulikeni kwa taa iliyotawanyika sawasawa, mpige 30 bila kugusa fokasi wala kuzungusha kamera. Pigeni pia picha 30 za giza, mfuniko ukiwa umefungwa, kwa joto na muda ule ule wa picha za nyota.

Anzeni saa nzima kabla ya mpito na muendelee saa nzima baada yake. Bila sehemu tambarare pande zote mbili hamtajua mwanga wa kawaida wa nyota ni upi. Stendi za Kijerumani, zile zenye fimbo ya uzani, hulazimika kugeuka upande nyota inapovuka katikati ya anga, na kugeuka huko huacha ngazi kwenye grafu. Kwa nyota hizi za Vulpecula na Pegasus, sisi wa ikweta tunapata karibu saa 4 kila upande nyota ikiwa juu ya nyuzi 30. Mpito wa HD 189733 pamoja na saa zake mbili za ziada unaingia humo, basi chagueni usiku ambao wote unaangukia upande mmoja. Wa HD 209458 hautoshi, mtageuza tu.

Umeme: kamera yenye kipoza, stendi na mkanda wa kupasha lenzi joto hula kama ampea 5 kwa volti 12. Kwa saa 6 ni Ah 30, na betri ya asidi haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo betri ya sola ya 100Ah itawavusha hata umeme wa mtaa ukikatika. Mkanda wa joto msiuache nyumbani. Umande wa saa 6 usiku huharibu kazi nyingi kuliko mawingu, na hauonekani mpaka uangalie picha.

SWALI: Mimi ni mpiga picha wa harusi. Nina kamera ya DSLR na lenzi ya milimita 300. Niko nje ya mchezo? – Msomaji, Kampala

JIBU: Hauko nje, mradi upate stendi ndogo inayofuata nyota. Nenda moja kwa moja kwa HD 189733: inang'aa vya kutosha na inafifia sana. Piga RAW, kamwe si JPEG, maana JPEG hubadilisha uhusiano wa mwanga na namba. Zima kiondoa kelele cha picha ndefu, zima kitulizi cha lenzi, weka ISO 200 au 400, toa fokasi kidogo, sekunde 30 hadi 60 kwa kila picha. Ukishamaliza, tenganisha rangi na upime rangi ya kijani peke yake. Picha moja moja zitaonekana zimetapakaa. Unganisha wastani wa kumi kumi, na mpito utatokeza. Taa za mji si kikwazo kikubwa kwa nyota ya mwangaza huo, ila usielekeze lenzi juu ya paa la mabati lililokunywa jua mchana kutwa.

SWALI: Tumefuata hatua zote kwa programu ya AstroImageJ lakini grafu yetu haitulii. Usiku mmoja inapanda kama mlima, mwingine ina ngazi katikati, na safari moja mpito umetoka na kina nusu ya kinachotarajiwa. Kosa liko wapi? – Kikundi cha nyota, Fort Portal

JIBU: Kila umbo lina chanzo chake.

Grafu inayopanda au kushuka polepole usiku kucha kwa kawaida ni hewa. Nyota inapoteremka, mwanga wake unapita kwenye hewa nene zaidi, na nyota ya bluu inapoteza zaidi kuliko nyekundu. Mwanga wa nyota yenu hugawanywa kwa ule wa nyota za kulinganishia zilizomo kwenye picha hiyo hiyo: kama yenu ni nyekundu na hizo ni za bluu, uwiano utapinda. Tafuteni za kulinganishia zenye rangi na mwangaza unaokaribiana na nyota yenu, tano au zaidi, kisha zilinganisheni zenyewe kwa zenyewe kabla ya kuzitumia. Inayocheza peke yake itoeni. Huenda ni nyota geugeu.

Ngazi ya ghafla: stendi imegeuka, au mtu amegusa kamera. Mawimbi yanayojirudia kila baada ya dakika kadhaa hutokana na meno ya gia ya stendi, yanayosukuma nyota huku na huku juu ya pikseli ambazo picha zenu za uso mweupe hazikuzisahihisha vizuri. Kushuka kwa nyota zote kwa pamoja, kusikorudi, ni umande.

Hilo la kina nusu ndilo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu grafu yake hutoka safi na kumdanganya mtu. Sababu ni mbili. Ama nyota ilijaza kamera, na pikseli iliyojaa haiwezi kuonyesha kupungua, kwa hiyo sehemu ya mpito imekatwa. Ama duara lenu la kupimia, lile ambalo programu huizungushia nyota, limemeza nyota jirani isiyofifia, na mwanga wake umeuchanganya mpito na kuufanya uonekane wa kina kidogo. Fungueni picha moja, wekeni kishale juu ya nyota, msome namba ya pikseli ya katikati. Ikigonga 65,535, usiku ule umekwenda. Ikiwa chini, punguzeni duara la kupimia hadi mara 1.5 au 2 ya upana wa nyota, mpime upya.

SWALI: Katikati ya mpito wetu imekuja saa 3 kabla ya ratiba. Tulipotafuta kosa na kulirekebisha, bado kuna tofauti ya dakika 7. – Mwanafunzi, Arua

JIBU: Saa 3 ni tofauti ya saa zetu na saa za dunia, UTC. Andika UTC kila mahali tangu mwanzo. Namba ya siku ya Julian, hesabu ya siku mfululizo wanayotumia wanaastronomia, hubadilika saa 6 mchana UTC, ambayo kwetu ni saa 9 alasiri; bahati nzuri, maana usiku wetu mzima unabaki ndani ya siku moja.

Dakika 7 hazitokani na uzembe wako. Dunia inazunguka Jua, na mwanga unahitaji dakika 8.3 kutoka Jua hadi kwetu. Mpito ule ule tunauona mapema tukiwa upande wa nyota, tukiwa upande wa pili tunachelewa. Ratiba za sayari huandikwa kana kwamba mtazamaji amekaa kwenye kitovu cha masi cha mfumo wote wa Jua, na programu inabadilisha ukiipa mahali ulipo na nyota unayopima. Chagua BJD katika TDB, yaani siku ya Julian iliyohesabiwa kwenye kitovu hicho, kwa kipimo cha saa cha wanaastronomia. TDB yenyewe imetangulia UTC kwa sekunde 69 hivi. Saa ya laptopu ipangwe kwa intaneti au GPS jioni ile ile.

Usione haya kusumbukia dakika. Tuseme muda wa mzunguko wa sayari ya siku 3 una kosa la sekunde 10. Baada ya miaka 5 sayari imezunguka mara 600 na zaidi, na kosa limefika saa 1 na dakika 40. Darubini kubwa ya angani itakayopangiwa saa chache za kuitazama itakuta mpito umeshapita. Kwa hiyo kipimo safi cha muda kutoka Arua kina kazi. Miradi kama ExoClock na Exoplanet Watch, pamoja na hifadhi ya AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota geugeu, hupokea grafu za watu wa kawaida kwa ajili hiyo.

SWALI: Nimepakua data za TESS kwa simu, faili la megabaiti 2 hivi, nikalichambua kwa laptopu ya rafiki. Nyota moja inafifia kwa asilimia 1 kila baada ya siku 2.9, na haimo kwenye orodha ya sayari. Je, nimegundua sayari? – Fundi simu, Mbale

JIBU: Umepata mtuhumiwa, ndugu yetu, na hiyo ni hatua ya kweli. Kutoka hapo kazi ni kuondoa kila maelezo mengine, moja baada ya jingine, na nyingi ya hatua hizi unaziweza mwenyewe.

Anza na chombo chenyewe. Angalia nyota nyingine za karibu katika data zile zile: zikififia saa ile ile, kosa ni la TESS. Mwanga wa Dunia na Mwezi huingia kwenye kamera zake, na katika vipindi vya mwanzo chombo kilikuwa kikirekebisha magurudumu yake ya kujiimarisha kila baada ya siku 2.5 hivi, kwa hiyo vipindi vinavyokaribia hapo vitazamwe mara mbili. Tafuta namba ya nyota yako pia kwenye ExoFOP, tovuti ya kufuatilia watuhumiwa wa sayari, na kwenye orodha za nyota maradufu. Huenda ilishachunguzwa na kukataliwa.

Kisha panga mipito yako kwa namba, witiri kundi moja na shufwa kundi jingine, uchore kila kundi peke yake. Vina vikitofautiana, una nyota mbili zinazozungukana kwa siku 5.8, kila moja ikiiziba nyenzake kwa zamu. Tazama pia katikati kabisa ya mipito miwili. Sayari ya moto ikijificha nyuma ya nyota hupunguza mwanga kwa sehemu isiyozidi moja ya elfu kwa kawaida. Ukiona bonde la wazi pale, ni nyota.

Pima muda. Kwa nyota mfano wa Jua na mzunguko wa siku 2.9, mpito unaopita katikati huchukua karibu saa 3. Mpito wako ukichukua saa 6, nyota hiyo si mfano wa Jua, imevimba. Na hapo rudi kwenye hesabu ya mwanafunzi wa Jinja: nyota yenye nusukipenyo mara 3 ya Jua ikififia asilimia 1, kitu kilichopita ni 0.3 ya Jua, nacho ni nyota kamili. Vipimo vya nyota vinapatikana bure kwenye orodha ya Gaia, chombo cha Ulaya kilichopima nyota kutoka angani. Hili limeangusha hata sayari zilizokwisha kuthibitishwa: mwaka 2022 Kepler-699 b, Kepler-840 b na Kepler-854 b zilitambuliwa kuwa nyota ndogo, baada ya ukubwa wa nyota mama kupimwa upya.

Adui mkubwa kuliko wote ni jirani. Pikseli moja ya TESS hufunika sekunde-tao 21 za anga (sekunde-tao 3,600 ni nyuzi moja), na ndani yake mna nyota kadhaa. Tuseme pembeni kuna jozi ya nyota zinazokingana kwa asilimia 50, nayo inachangia asilimia 2 tu ya mwanga wote wa duara la kupimia. Nusu ya 2 ni 1. Umeona asilimia 1 yako, na nyota uliyokuwa ukiitazama haina hatia yoyote. Jirani yeyote aliye hafifu kwa hadi madaraja 5 anaweza kuleta kufifia huko. Dawa ni darubini ya ardhini. Hata ya inchi 8 kama ya wenzetu wa Mbarara hutenganisha nyota ambazo TESS imezichanganya, na usiku mmoja tu wa mpito unaonyesha ni nani anayefifia. Ikiwezekana pimeni kwa filta mbili: sayari ni giza tupu na inafifisha rangi zote karibu sawa, ila nyota yenye rangi tofauti ikizibwa, kina hubadilika kutoka rangi hadi rangi.

Tuseme umevuka yote hayo. Bado hujui kama ni sayari, kwa sababu Mshtarii, vibete kahawia (vitu vilivyo kati ya sayari na nyota) na nyota nyekundu ndogo kabisa vyote vina ukubwa unaokaribiana. Kinachovitenganisha ni masi. Hapa sasa kinahitajika kipimaspektra, chombo kinachotawanya mwanga wa nyota kwa rangi zake: kitu kinachozunguka huivuta nyota huku na huku, na mistari ya spektra yake inasogea. Kitu chenye masi ya Mshtarii katika mzunguko wa siku 2.9 huisogeza nyota mfano wa Jua kwa mita 140 hivi kwa sekunde. Nyota nyekundu ndogo ingeisogeza kwa zaidi ya kilomita 10 kwa sekunde, kwa hiyo vipimo viwili vitatu tu, hata vya chombo cha kawaida, vinamfichua mdanganyifu. Ilikuwa kwa njia hii Michel Mayor na Didier Queloz walipata sayari ya 51 Pegasi mwaka 1995. Chombo cha HARPS huko La Silla, Chile, hufikia mita 1 kwa sekunde. Dunia hulisogeza Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, na hapo hata vyombo bora vinahangaika.

Sayari ndogo ambazo masi yake haipimiki huthibitishwa kwa njia ya uwezekano: wataalamu huhesabu nafasi ya kila udanganyifu, na zote zikijumlishwa zikiwa chini ya asilimia 1, jina la sayari hutolewa. Sayari 1,284 za Kepler zilitangazwa hivyo kwa siku moja mwezi wa Mei 2016. Sisi tunaiheshimu njia hiyo, lakini tunaona iwekwe wazi kila mara kuwa si sawa na kupima masi.

Wewe andaa ukurasa mmoja: namba ya nyota, muda wa mpito wa kwanza, mzunguko, kina, na matokeo ya kila jaribio hapo juu. ExoFOP ina utaratibu wa watu wa nje kupendekeza mtuhumiwa. Mwenye laptopu dhaifu aingie Planet Hunters TESS, ambako grafu hutazamwa kwa macho kwenye kivinjari. Inafaa hasa kwa mipito iliyoonekana mara moja tu, ambayo kompyuta huiruka.

SWALI: Kuna nyota yenye jina la Kiswahili iliyo na sayari? – Msomaji, Kasese

JIBU: Ipo. WASP-71 iliitwa Mpingo na sayari yake Tanzanite, majina yaliyotoka Tanzania mwaka 2019 katika kampeni ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia. Nayo ina mpito, na hupita karibu utosini kwetu. Desemba mapema usiku ni wakati wake. Ila mpito ni wa asilimia 0.4 tu na unachukua karibu saa 5, kwa hiyo si nyota ya kujifunzia. Muifuate mkishapata grafu safi ya HD 189733.

SWALI: Mawingu yalifunika nusu ya pili ya mpito wetu. Tutupe data? – Klabu ya sayansi, Kabale

JIBU: Hapana. Kama mna saa nzima ya sehemu tambarare na mteremko mzima wa kuingia, wekeni kwenye programu kina na muda wa mpito vinavyojulikana tayari, muache katikati peke yake itafutwe. Kosa la muda litakuwa kubwa kuliko la mpito kamili, na programu italiandika. Futeni picha ambazo nyota za kulinganishia zimepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake, kwa sababu wingu nene halifuniki picha nzima sawasawa. Wingu jembamba liacheni. Mkituma, andikeni wazi kwamba ni mpito nusu, na muambatanishe grafu ya nyota za kulinganishia ili mpokeaji aone mawingu yalipoanzia.